Kiti cha Pweza

Katika Mji wa Kale wa Mombasa hapana mtoto asiyekijua kiti cha pweza. Maji ya bamvua yanapotoka, na mwamba wa Ras Serani ukabaki wazi ukimetameta juani, watoto huteremka kwa makundi kwenda kutazama mambo yaliyoachwa nyuma na bahari. Huko hukuta kaa na konokono, na jongoo bahari aliyejinyoosha mchangani kama kipande cha mpira. Na katika vidimbwi hukuta mnyama mwenye mikono mitano, mgumu kama ngozi iliyokauka, mwenye rangi ya kijivu na vinundu vyekundu vilivyopangwa kama shanga. Huyo ndiye ambaye wazee wetu walimwita kiti cha pweza. Mimi nilizaliwa Kibokoni, na nimekwenda mwambani tangu sijaanza shule, lakini sijapata kumwona pweza hata mmoja aliyekikalia kiti hicho. Labda jina lilitungwa na mtu mwenye mzaha.

Nataka kusimulia jinsi nilivyomfundisha mtoto mmoja uwongo juu ya mnyama huyu, na jinsi nilivyolazimika kuufuata uwongo ule mpaka mwisho wake.

Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 2012, na mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha sayansi darasa la saba katika shule moja ya kisiwani. Umri wangu ulikuwa miaka 27, na nilikuwa na ugonjwa unaowapata walimu wengi vijana, yaani kupenda kushangaza. Somo ambalo halikuwafanya wanafunzi wabaki vinywa wazi nililihesabu kuwa limeharibika. Basi siku tulipofika kwenye wanyama wasio na uti wa mgongo, nilichora kiti cha pweza ubaoni, kikubwa kama sinia, kisha nikapitisha kidole katikati ya mikono yake nikaitenga mmoja mmoja. Nikasema, "Mnyama huyu ukimkata vipande vitano, kisha ukavirudisha majini, hutakuwa umemwua. Utakuwa umepata watano."

Darasa lilishangaa kama nilivyotaka. Maneno hayo nilikuwa nimeyaokota katika hadithi inayosimuliwa mara kwa mara vitabuni, kwamba wavuvi wa chaza wa nchi za baridi walikuwa wakiwakatakata wanyama hawa kwa hasira, kwa sababu hula chaza, na kuwatupa tena baharini, na kwa kufanya hivyo wakawaongezea adui zao idadi. Hadithi hiyo ina chembe ya kweli ndani yake. Mimi niliichukua chembe nikaiuza kwa ratili.

Kwenye dawati la nyuma, karibu na dirisha, alikaa mvulana wa miaka 12 ambaye jina lake sitalitaja. Alikuwa mkimya, wala si mwepesi wala si mzito wa masomo, na alikuwa na desturi ya kuuweka mkono wake wa kushoto mfukoni. Alipokuwa na miaka tisa, mkono huo ulivutwa na mashine ya kukamulia miwa. Kidole cha kati na cha pete vilikatika karibu na tako la kidole, na cha shahada kikapoteza ncha. Shule nzima ilijua habari hiyo, na kama ilivyo kwa mambo yanayojulikana na shule nzima, hapana aliyeitaja. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nianze kumfundisha, niliuona mkono wa kushoto ukitoka mfukoni. Aliuinua juu, akauliza, "Mwalimu, huchukua siku ngapi?"

Nilimjibu bila kufikiri, "Si nyingi." Kisha nikafuta ubao.

Siku ya kumi na moja baadaye mama yake alikuja shuleni, amevaa buibui, na mkononi amechukua ndoo iliyofunikwa sahani. Mwanawe alimfuata nyuma. Tulisalimiana. Akasema, "Mwalimu, uniwie radhi kwa uvundo huu," akafunua. Ndani yake mlikuwa na vipande 15 vya viti vya pweza, vimelegea na kuyeyuka, na maji yamekuwa kama uji. Mtoto alikuwa amewachukua wanyama watatu mwambani, akamkata kila mmoja vipande vitano kwa kisu cha jikoni, kama nilivyochora. Aliwaficha juu ya paa. Kila alasiri aliteremka ngazi za Bandari ya Kale kuteka maji mapya ya bahari, akayapandisha mpaka nyumbani kwa mkono mmoja, akiwaambia jirani kwamba mama yake anayataka kwa dawa.

Nilianza kusema maneno ya kujitetea, lakini mama yule alinikata. Hakuinua sauti, na laiti angaliinua. Alisema, "Mwalimu, mimi nimekaa miaka mitatu nikimzoesha mkono wake. Wewe kwa siku moja umemrudisha kwenye kungoja."

Hapo ndipo nilipofahamu swali la siku ngapi lilikuwa swali la nini. Lakini lililobaki lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu mvulana mwenyewe alinitazama akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Ningaliweza kumwambia kwamba maji ya ndoo yalikuwa machache, au kwamba jua la paani lilikuwa kali, au kwamba kisu kilikuwa kichafu. Yote matatu yalikuwa kweli, na yote yangaliniokoa. Nilipokuwa nikisita alinyosha mkono wa kushoto mbele ya uso wangu. Kidole cha shahada, kile kilichopoteza ncha, kilikuwa kizima. Kilikuwa kifupi kidogo kuliko mwenziwe wa kulia, na kucha yake imepinda, lakini kilikuwa na ncha, na nyama, na kucha. "Hiki kiliota," akasema. "Hivi vingine vimechelewa tu."

Msomaji, tazama jinsi mtoto yule alivyokuwa amefikiri. Hakuwa mpumbavu. Alikuwa na jambo alilolishuhudia katika mwili wake mwenyewe, na alikuwa na neno la mwalimu wake, na kwa hayo mawili alitoa hukumu, kisha akaifanyia jaribio juu ya paa, kwa subira ya siku kumi. Alifanya kazi ya mwanasayansi vizuri kuliko nilivyoifanya mimi. Upungufu ulikuwa katika kile nilichompa.

Niliwaambia, "Nimekosea mimi. Nipeni siku saba." Mama alifunika ndoo yake, wakaenda.

Jioni ile nilikwenda kwa ami yangu, ambaye alivua pweza tangu ujana wake na ambaye wakati huo alikuwa akiuza samaki karibu na Bandari ya Kale. Hakuwahi kusoma sayansi. Nilimwuliza tu kama amepata kuona mnyama wa bahari akiota kiungo kilichokatika. Akacheka, akamvuta pweza mmoja katika karai na kunionyesha mnyiri uliokuwa mwembamba kama mkia wa panya kati ya minyiri saba minene. "Huyu aliumwa na mkunga," akasema. "Ameota. Angalikaa miezi michache zaidi usingalijua ni upi." Akanieleza juu ya kaa, kwamba ukimshika gando atakuachia gando na kukimbia, na kwamba ukimvua tena baadaye utaona gando dogo mahali pa lile. Akataja na jongoo bahari, ambaye ukimsumbua hutapika matumbo yake yote nje, nawe ukadhani amekufa, kumbe anaota mengine.

"Na kiti cha pweza?" nikauliza.

Alifikiri. "Nimewaona wenye mkono mmoja mkubwa na vijimikono vinne vidogo kama vidole vya mtoto mchanga. Lakini si hawa wa vinundu, mwanangu. Ni wale wembamba, wenye mikono kama fimbo, wanaokaa chini ya mawe upande wa Nyali. Hawa wa vinundu ukiwakata hivyo wanaoza."

Mzee asiyejua kusoma ila Kurani alikuwa ameniambia kwa maneno machache jambo ambalo mimi, mwenye cheti, sikulijua. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma tangu mwanzo, na sasa nilisoma kwa hofu, kwa maana nilijua kuna mtu atakayeyapima maneno yangu kwa vidole vyake.

Niligundua kwamba elimu ya jambo hili ilianzishwa na mwalimu. Mwaka 1740 Abraham Trembley, mzaliwa wa Geneva, alikuwa akiwafundisha watoto wawili wa mwungwana mmoja karibu na The Hague katika Uholanzi. Katika maji ya bustani aliona kijidudu cha kijani, kidogo kuliko ukucha, chenye nyuzi kichwani, ambacho ni ndugu wa mbali wa matumbawe yetu ingawa chenyewe hukaa katika maji baridi. Hakuweza kuamua kama ni mmea au mnyama. Akakikata vipande viwili ili ajue, akifikiri kwamba mmea utachipua na mnyama atafa. Kila kipande kikawa kiumbe kizima, na kiumbe hicho kilikuwa kikitembea na kula. Trembley hakukimbilia kutangaza. Alikata tena, kwa urefu na kwa upana, akahesabu siku, akaandika, akawatumia wataalamu wengine viumbe hai ndani ya chupa ili wajaribu wenyewe, na mwaka 1744 ndipo alipotoa kitabu chake. Niliposoma hayo nilikumbuka jinsi nilivyofuta ubao.

Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho matupu, kama nyumba za Mji wa Kale zilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Lakini jiwe la ukutani haliwezi kujigeuza mlango, wala halijui nyumba ilikuwa na umbo gani kabla ya kubomoka. Seli za wanyama fulani wa bahari hujua, au hufanya kama zinazojua. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alichukua sifongo hai, yule mnyama wa baharini ambaye mifupa yake laini watu huitumia kuogea, akamkamua kwa kumpitisha katika kitambaa chembamba cha hariri mpaka akawa vumbi la seli majini. Seli zile zilitambaa, zikakutana, zikashikamana, na baada ya siku chache zikawa sifongo wadogo wapya. Nadhani hilo ni jambo la ajabu kuliko yote niliyoyasoma, na nakiri kwamba kama ningalilijua siku ile darasani, ningalilitumia vibaya vilevile.

Kisha nikafika mahali palipoanza kuonyesha mpaka. Katika mwamba wetu yuko mnyama mviringo mwenye miba mirefu myeusi, ambaye kila mtoto wa pwani amechomwa naye mguuni. Mwaka 1891, huko Trieste, Mjerumani Hans Driesch alichukua mayai ya mnyama wa ukoo huo, akangoja yai lililorutubishwa ligawanyike seli mbili, akalitikisa kwa nguvu ndani ya chupa mpaka seli zikaachana. Alitazamia kupata nusu mbili za mnyama. Alipata wanyama wachanga wawili kamili, ila wadogo. Kila seli, ambayo katika hali ya kawaida ingalifanya nusu ya mwili, ilikuwa na uwezo wa kufanya mwili mzima. Mapacha wa kufanana wanaozaliwa kwetu hutokea kwa njia iliyo karibu na hiyo, kiinitete kinapogawanyika mapema tumboni mwa mama. Lakini katika miaka ya 1930 Msweden Sven Hörstadius aliendelea na kazi hiyo kwa mkono mwepesi sana. Aliacha yai lifike seli nane, akatenga nne za juu na nne za chini. Za juu hazikufanya mnyama. Zilifanya kitufe kitupu chenye vinyweleo, kikizunguka majini bila utumbo. Uwezo uliokuwa mzima katika seli mbili na katika seli nne ulikuwa umekwisha gawanywa katika seli nane, na kila upande ulikwenda na fungu lake.

Nilikaa na sentensi hiyo usiku mzima. Nilikuwa nimefundisha kuota upya kana kwamba ni kipawa kimoja kinachomwagwa sawa juu ya wanyama wote. Kumbe kila mnyama ana kiasi chake, na kila kiungo cha mnyama kina chake, na hata umri una chake. Kaa huota gando kwa sababu hujivua gamba. Siku atakapoacha kujivua, gando lililopotea limepotea. Jongoo bahari huota utumbo mpya kwa majuma kadhaa, kutoka katika utando uliobaki ndani ya mwili wake. Hakuuumba kutoka hewani. Tawi la matumbawe likivunjika na kukaa mahali pa imara laweza kuwa mti mpya, na kwa sababu hiyo, baada ya joto la bahari la mwaka 1998 kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, watu wa kusini kule Wasini walijifunza kupanda vipande hai chini ya maji kama mtu apandavyo mihogo. Lakini tumbawe lililokufa, lile ambalo kuta zetu zimejengwa kwalo, haliwezi kupandwa.

Na viti vya pweza? Karibu wote huweza kuota mkono uliokatika, mradi sehemu ya katikati imebaki. Katika kitovu hicho mna kinywa, na tumbo, na duara la mishipa ya fahamu inayoamrisha mikono. Mkono peke yake, katika wengi wao, huweza kutembea siku chache, tena kidonda chake huweza kufunga, lakini hauna kinywa wala njia ya kukitengeneza, na mwisho wake ni kuoza. Mwanafunzi wangu alikuwa ametenga mikono na kitovu kikapotea kati ya vipande. Jaribio lake lilikuwa limekufa tangu kisu kilipopita. Wako wachache tu wa namna nyingine, na baadhi yao ni wa jamii iitwayo Linckia, ambayo huonekana kwenye miamba ya Bahari ya Hindi. Mkono mmoja wa Linckia, ukiachwa peke yake, hufunga kidonda. Seli za mahali pale hukusanyika na kuacha kazi zao za zamani. Kinundu huchomoza, na kutoka humo hutokea mikono minne midogo na kinywa kipya katikati. Katika muda huo wote, ambao ni miezi, mnyama hula akiba iliyomo ndani ya ule mkono wa zamani. Ndio wale wembamba aliowasema ami.

Siku ya saba niliingia darasani nikachora tena kiti cha pweza, nikawaambia wanafunzi kwamba niliwafundisha kosa. Walitazamana. Nadhani lilikuwa jambo geni kwao kuliko mnyama mwenyewe. Mvulana wa dirishani alisikiliza, na mkono wake ulikuwa mfukoni. Baada ya kipindi nilikwenda kwao, nikamwomba mama yake ruhusa ya kumpeleka Nyali kuwatafuta wale wembamba. Alisema atakuja yeye pia. Sikumlaumu.

Tulikwenda bamvua tatu, ami akituongoza, tukivuka Daraja la Nyali alfajiri kwa matatu ili tufike mwambani kabla maji hayajatoka yote. Sehemu ile imo katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, na nilimwambia kijana kwamba tunakwenda kutazama tu. Hata kombe tupu hatutalichukua. Safari ya kwanza tuliona jongoo bahari wengi na wale wa vinundu. Safari ya pili ilinyesha mvua. Safari ya tatu ami aliinua jiwe kwa uangalifu, akalishikilia, akasema, "Njoo utazame."

Ndani ya kidimbwi, katika maji yasiyofika kifundo cha mguu, alikuwako. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kama kidole changu cha shahada, wa rangi ya kijivu chenye madoa mekundu. Upande ambao mkono ulikatika palikuwa na mikono mingine minne, midogo kama punje za mchele, imekaa kama petali. Alifanana na nyota yenye mkia. Kijana alipiga magoti majini, akaingiza uso wake karibu na maji, na kwa muda mrefu hakusema neno. Mama yake alisimama hatua chache nyuma, ameshika buibui lake lisilowe.

Kisha akaniuliza, na safari hii hakuzunguka. "Mwalimu, na mimi?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu nyumbani. Lilikuwa refu na lenye faraja nyingi. Lote lilinitoka. Nilimwambia, "Hapana. Hivyo viwili havitaota."

"Mbona hiki kiliota?"

Nikamweleza niliyoyasoma. Mwaka 1974 daktari mmoja wa watoto mjini Sheffield, Uingereza, jina lake Cynthia Illingworth, aliandika juu ya watoto waliokatika ncha za vidole, ambao vidonda vyao viliachwa vikafungwa kwa bandeji safi bila kushonwa, na ncha zikarudi, pamoja na kucha. Lakini lazima ukataji uwe umepita mbele ya kiungo cha mwisho, na shina la kucha liwe limebaki. Mwaka 2013 wachunguzi wa Marekani walionyesha katika panya kwamba chini ya shina la kucha mna seli changa, zilizobaki na uwezo ambao seli nyingine za kidole zimekwisha kuupoteza, na kwamba hizo ndizo huongoza kuota kwa ncha. Mashine ile ilikuwa imekiacha kidole chake cha shahada na shina la kucha. Vile viwili haikuviachia.

Aliutoa mkono mfukoni akavitazama vidole vyake kwa zamu, kama mtu anayelinganisha hesabu mbili.

"Basi havikuchelewa," akasema.

"Havikuchelewa."

Mama yake aligeuka akatazama bahari. Ami, ambaye hakupenda maneno yanapokuwa mazito, alisema kwamba maji yameanza kuingia na kwamba jiwe hili si jepesi. Mimi sikujua la kufanya na mikono yangu. Hata leo, baada ya miaka kadhaa ya ualimu, nikitakiwa kutaja somo gumu nililopata kufundisha, ni lile neno moja nililolisema nikiwa nimesimama majini, na sina hakika kwamba nililisema vizuri.

Kijana ndiye aliyetutoa hapo. "Mwalimu," akasema, "rula unayo?"

Nilikuwa nayo mkobani. Aliitumbukiza majini bila kumgusa mnyama, akasoma, akanitajia nami nikaandika: mkono mkubwa milimita 71, ile midogo mitatu milimita 4 kila mmoja, wa nne milimita 3. Ami akalirudisha jiwe polepole mahali pake. Tukarejea ufukoni huku maji yakitufuata.

Toka siku ile mpaka alipomaliza darasa la nane mwaka 2017 alikwenda Nyali karibu kila bamvua, mara nyingine na ami, mara nyingine na mama yake, na mara chache nami. Aliandika katika daftari la mistari la kurasa 96. Yule wa kwanza hakumwona tena, chini ya tarehe nyingi ameandika kwa kalamu ya risasi, "Hakuonekana." Lakini alipata wengine wanane wenye mkono mmoja mkubwa, akawapima na kuwachora, na pembeni akaandika hali ya maji na kama kulikuwa na mawingu. Wakati mmoja alinisahihisha mbele ya darasa kwa sababu nilisema kwamba mikono midogo daima ni minne. Yeye alikuwa ameona mmoja mwenye mitano.

Alipokwenda shule ya sekondari aliniachia daftari lile. Ukurasa wa mwisho haukuwa na kiti cha pweza. Alikuwa ameuweka mkono wake wa kushoto juu ya karatasi, akauzungushia kalamu, na kandokando ya kila kidole ameandika urefu kwa milimita, vyote vitano, na tarehe.